Utumbo Wako wa Mbio, Wangu wa Kujivuta

Dada yangu Mwende,

Tangu nimonia ikuchukue, watu wa hapa Masii wamekusifu hadi nimechoka. Usidhani sikulilii. Nakulilia. Lakini wivu wangu hatukuuzika pamoja nawe, na afadhali nikuambie mwenyewe, maana hapa nyumbani ukimsema marehemu unaangaliwa kama mchawi.

Unakumbuka tulivyougua tumbo sote wawili? Lako lilikuwa na makelele. Uliacha sahani ukakimbia, na Mama akakufuata na jagi la maji, akasimama nje ya choo mpaka umalize. Alikutwangia mahindi kwenye kinu, akayatoa maganda, akakupikia muthokoi laini. Mimi nilikaa siku kadhaa bila kwenda choo, tumbo limekaza kama ngoma, na nikapewa isyo, mahindi na maharagwe yasiyotolewa maganda. Nikilalamika, Mama alisema, "Mwende ako na tumbo. Wewe uko na wivu tu."

Wivu nilikuwa nao, sikatai. Lakini hata tumbo nilikuwa nalo!

Juzi nilienda kwa daktari Machakos mjini. Vipimo havikuonyesha kidonda wala uvimbe. Akauliza kama kuna mwingine kwetu aliyesumbuliwa na tumbo, nikakutaja wewe. Akasema huenda tulikuwa na ugonjwa mmoja wa utumbo, unaoitwa IBS. Alinieleza kwa kukunja na kukunjua ngumi: utumbo mpana una misuli inayojikaza na kuachia, ndiyo inayosukuma choo. Wako huenda ulisukuma kwa pupa, maji yakakosa muda wa kufyonzwa. Wangu unajivuta, maji yanafyonzwa mno, choo kinakauka. Hata matumboni, Mwende, wewe ulikuwa mwepesi na mimi mzito.

Na ule muthokoi niliouonea kijicho miaka yote? Kumbe usingenisaidia. Mimi nahitaji vyakula vyenye nyuzinyuzi, niviongeze taratibu, ninywe maji, nitembee. Basi nilikuwa nakuonea wivu wa nini? Nilijua nikiwa njiani kurudi. Ni lile jagi.

Nilimweleza Mama yote. Jana asubuhi nikiwa chooni, nilisikia kandambili zake zikija, kisha jagi likiwekwa kwenye jiwe. Amekuja kunisubiri. Mimi! Nilikuwa nimeshamaliza, lakini sikutoka. Nilitaka asimame pale kidogo zaidi, kama alivyokuwa akikusimamia wewe.

Kisha akaita, "Mwende, umemaliza?"

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Hata choo changu umeninyang'anya! Halafu nikasikia anavuta kamasi. Alikuwa amelisikia mwenyewe jina aliloita.

"Bado, Mama," nikajibu.

Lala salama, dada. Nakuahidi kwamba akiita jina lako nitaitika, asibaki akiita peke yake. Lakini jagi sikurudishii.

Mdogo wako,
Nduku