Anayengojwa Nyanza-Lac

Ilagala, Kigoma
24 Mei 2015

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimepoa na mguu ule hausumbui. Mimi ni mzima wa mwili. Mama pia mzima, naye yuko hapa pamoja nami. Nalisema hilo mapema ili upumue kabla hujasoma mengine. Homa ilimshika alipofika, lakini sasa anakula, na jana alimgombeza mwenye duka kwa ajili ya sabuni, basi ujue amepona.

Simu yako tumeipiga mpaka tumechoka, haipatikani. Ndiyo maana ninaandika. Barua nitamkabidhi Januari, mwenye boti ya injini anayevusha watu kutoka huko kwenu. Nimemwomba akupe mkononi mwako, asimwachie jirani yeyote hata akiambiwa umelala.

Usishangae kuona jina la Ilagala juu ya karatasi. Nitafika huko. Niache kwanza nikusimulie safari yetu ilivyokuwa, maana niliondoka nyumbani ukinicheka. Ulisema mtoto aliyezaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, akalelewa kwa uji wa Tanzania mpaka akawa msichana mkubwa, leo anavuka mpaka kwenda kutalii nchi ileile, kamera shingoni kama Mzungu. Nilifurahi kukuona unacheka, Baba. Nilikuwa sijakuona ukicheka tangu kesi ya shamba ianze.

Tulivuka mpaka pale Manyovu asubuhi yenye ukungu, sisi wapiga picha vijana saba na Zénon, kiongozi wetu, yule mwenye studio Bujumbura uliyemkaribisha chakula siku ile. Tulikuwa tunatafuta picha za milima na ziwa kwa ajili ya maonyesho yetu. Barabara inateremka ikizungukazunguka, milima ya Buha imejikunja pande zote, kijani kibichi juu, udongo mwekundu palipolimwa. Kila kona Zénon alisimamisha gari. Watu walituuliza kwa Kiha tunapiga nini, nasi tukawajibu kwa Kirundi wakatuelewa. Mama mmoja muuza ndizi pale Mwandiga alituambia sisi si wageni, ni watoto wa nyumbani waliopotelea upande wa pili.

Tulikwenda Gombe kwa boti, tukapanda mlima mpaka juu kabisa. Tukashinda Ujiji tukipiga milango ya zamani na wazee wa Kiislamu wenye kanzu nyeupe. Mwisho tukavuka Malagarasi kwa kivuko, tukaja hapa Ilagala kupiga picha za dagaa wanavyoanikwa mchangani. Hapa lilitokea jambo ambalo sikumwambia yeyote isipokuwa Zénon. Nilikuwa nalihifadhi nikuletee mwenyewe, nikukalishe barazani, nikueleze uso kwa uso. Mungu hakupanga hivyo.

Tuliporudi Kigoma mjini, redio zilikuwa zimebadilika sauti. Kila nyumba ya chai watu wameinamia habari za kwetu, za risasi Bujumbura na watu wanaokimbia. Wenzangu wakaanza kupiga simu, wengine wakilia. Zénon akasema safari imekwisha, turudi kabla mpaka haujafungwa. Barabara ikawa haieleweki, basi tukachukua boti mpaka Kagunga ili tuvuke kwa miguu.

Baba, wewe unaijua Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji. Sisi tulikuwa tunakwenda nyumbani, na nyumbani kulikuwa kunatujia. Ufuko wote umejaa watu, magodoro, kuku waliofungwa miguu, watoto wamelala juu ya masufuria. Maji ya ziwa ndiyo ya kunywa, ya kufulia, na ya mengine yote. Watu walikuwa wanaharisha, na wengine hawakuinuka tena. Zénon akasema kwa sauti ndogo kwamba tupige, kwamba hii sasa ndiyo kazi. Wenzangu wakapiga. Mmoja alisema mwanga wa mlima ule ni mzuri sana, akajisikia alichosema, akashusha kamera. Na mimi nilipiga, Baba. Nilielekeza kamera kwa wanawake waliokaa chini ya turubai, migongo imenielekea, na mmoja wao bila kugeuka akasema, “Arakaza, mimi usinipige.”

Alikuwa Mama. Alikuwa ameniona nikishuka kwenye boti, akajifunika kitenge ili nimpite. Aliniambia baadaye kwamba aliona aibu. Alikuwa ameapa kwamba mwanawe hatamwona tena akiwa mkimbizi.

Hapo ndipo aliponieleza mliyoambiana. Vijana wa chama wenye fimbo walipita mara ya pili kuuliza nani alihudhuria mkutano gani, na yule mnayegombea naye shamba alikuwa nyuma yao, anaonyesha nyumba kwa kidole. Mama akafunga nguo. Wewe ukakaa kitini. Alikuomba, alikulilia, na wewe ukamjibu neno moja tu: “Akija amkute nani?” Mama anasema hapo alipandwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo tangu umwoe. Alikwambia kwamba unamngoja maiti na kuwatupa walio hai. Kisha akaondoka na majirani, na wewe hukumsindikiza.

Sikulaumu. Tangu utoto wangu naijua habari ya baba mdogo Martini. Najua kwamba mwaka wa sabini na mbili, wakati wa mauaji yale, mlikimbilia ziwani na bibi, wewe ukiwa na miaka kumi na yeye mitano. Ulimpandisha kwenye mtumbwi, ukageuka kumpokea bibi mzigo, na ulipotazama tena mtumbwi ulikuwa umeshasukumwa. Najua ulimuulizia Katumba, makanisani, sokoni, kwa kila mtu mwenye Kirundi cha kwenu. Najua kwamba tuliporudishwa nyumbani ulikataa kiwanja kizuri cha karibu na barabara, ukajenga palepale ilipokuwa nyumba ya babu, kwa sababu mtoto mdogo akirudi atatafuta pale anapopakumbuka.

Sasa nifike Ilagala.

Siku ile ya dagaa kijana mmoja alikuja kuniuliza kama naweza kumpiga picha akiwa na nyavu zake. Nilipomaliza nikamuuliza jina ili nimtumie. Akasema anaitwa Bukeyeneza. Nikacheka, nikamwambia hilo ni jina la baba yangu, na kwamba Mha kuitwa hivyo sijapata kusikia. Hakucheka. Aliniuliza baba yangu ni wa wapi. Nilipotaja Nyanza-Lac aliweka nyavu chini, akanishika mkono kama mtu anayemshika mtoto asianguke, akanipeleka kwa mama yake.

Mama yake anaitwa Regina. Ni mwanamke mfupi, mweusi sana, anayesema polepole. Alinikalisha, akanipa ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka, akakataa kusema lolote mpaka nile. Kisha akanieleza kwamba marehemu mumewe aliokotwa akiwa mdogo kwenye mtumbwi uliopelekwa na upepo, wakubwa wengi humo wamekufa kwa risasi na kwa kiu. Mvuvi wa hapa alimlea, akampa ukoo wake. Alikuwa amesahau jina la kilima chao, amesahau hata jina la mama yake. Aliloshika ni jina la kaka yake, na mwanawe wa kwanza akampa hilo. Nilimuuliza kuhusu sikio, ile alama uliyonisimulia tangu utotoni. Sikumwambia sikio lipi wala lina nini. Akagusa lake la kushoto, akasema la mumewe lilikatika ncha, kwamba aling'atwa na mbwa akiwa bado hajajua kusema vizuri.

Ndiye, Baba. Ndiye mdogo wako. Alifariki mwaka juzi wakati wa masika, kwa ugonjwa wa ini. Amezikwa kwenye mwinuko nyuma ya kanisa, mahali unapoona ziwa lote.

Kuna moja zaidi, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Regina anasema mwaka ule watu wa makazi waliporudishwa Burundi, Martini alisikia wanapitia Kigoma kwa treni. Akaenda stesheni, akakaa huko wiki nzima, kila treni ikifika anasimama anaita jina lako. Watu walikuwa wengi, kelele nyingi. Mimi nakumbuka siku tuliposhuka pale. Nakumbuka ulinibeba mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa, kwa sababu nilikuwa na malaria. Huenda tulipita mbele yake. Sijui, Baba. Nami sikutaka kukuficha.

Kwa kuwa nilijua tuna ndugu huku, nilimtoa Mama Kagunga. Tulipanda meli mpaka Kigoma, tukaandikishwa uwanjani pamoja na wengine, na Regina alipopata habari alikuja mwenyewe na mwanawe akatuombea ruhusa, akatuleta kwake mpaka Mama apone. Tukiitwa kwenda kambini Nyarugusu tutakwenda. Mama alipoambiwa hii ni nyumba ya nani, alikaa chini mlangoni. Alilia akisema amemtukana marehemu. Regina alimwambia marehemu hana kinyongo, aingie ndani, ugali unapoa.

Sasa nikuungamie, kwa sababu barua hii si ya kwanza. Mama alinikataza kukuandikia ukweli. Alisema nikuandikie kwamba Martini yupo hai, yuko Ilagala, mgonjwa kidogo, anakuita. Alisema, “Akisikia hivyo atakuja hata kwa kuogelea. Akishafika ataelewa. Atatukasirikia akiwa hai.” Na mimi nilikubali. Niliandika barua nzima. Nilikuandikia kwamba anakusalimu, kwamba anauliza kama bado unapenda karanga. Nililia nikiiandika, lakini niliimaliza, nikaitia gundi.

Usiku ukapita nikashindwa kuitoa. Pale Kagunga nimewaona watu wakishuka kwenye boti. Hata kabla ya kukanyaga mchanga, macho yanakwenda huku na huku yanamtafuta mtu wao. Nimewapiga picha watu hao, ninazo nyingi, na kila anayemkosa mtu wake namjua, kwa sababu uso unabadilika mbele ya lenzi, unakuwa wa mtu mwingine. Nilifikiri wewe unashuka hapa Ilagala, mguu wako mbovu ndani ya maji, unatafuta sikio lililokatika. Halafu mimi mwanao nisimame mbele yako nikwambie. Nilichana ile barua. Mama amenuna, hajasema nami tangu jana, na ana haki, maana huenda ukweli huu utakufanya ukae. Huenda utasema kwamba sasa huna tena haja ya kwenda popote. Likitokea hilo nitakuwa nimekuua kwa mkono wangu, na Mama ameniambia hivyo bila kuzungusha.

Lakini nakuomba, Baba, nikiwa nimepiga magoti ingawa hunioni. Uliahidi kumngoja, na ahadi umeitimiza miaka arobaini na zaidi. Hakuna mtu atakayekuja kwenye nyumba hiyo akutafute isipokuwa wale wenye fimbo. Anayekutafuta kwa heri yuko upande huu. Kijana wako Bukeyeneza anakusubiri ili umpe mila za kwao, maana hajui hata ukoo wake wa damu ni upi. Jana aliniuliza babu yake alikuwa mtu wa namna gani, nikamwambia akuulize wewe. Shamba litabaki. Likichukuliwa, tumeshaishi bila shamba. Bila wewe hatujawahi.

Ndani ya bahasha nimeweka picha ya marehemu. Regina alikuwa nayo moja ndogo ya kitambulisho, nikaipiga upya mjini na kuikuza. Itazame ukiwa umekaa.

Januari atalala kwa dada yake huko ziwani, kesho yake alfajiri anarudi. Hatakuuliza maneno. Ukipanda, umepanda.

Shemeji yako Regina anakusalimu sana, anasema chumba kimeshafagiliwa. Zénon anakusalimu, yuko Kigoma. Wenzetu watatu walivuka kurudi kwa wazazi wao na hatujasikia kitu, nawe ukisikia lolote tuambie. Wasalimie majirani waliobaki.

Nilipokuwa natia sahihi Mama amekuja kusimama nyuma yangu, akaisoma yote mpaka hapa. Hajaichana. Anasema uchukue sweta lako la kijivu, lipo chini ya mto, kwa sababu juu ya maji alfajiri kuna baridi.

Mimi mwanao nikupendaye,
Arakaza