Sura ya Zagabe Chini ya Pasi

Mudaka, 9 Juni 2024

Yaya Agathe, dada yangu mukubwa,

Uko aje na moyo wako? Dawa zinashuka vizuri? Huku tuko, mihogo imekubali, goti langu tu ndilo linagoma. Naandika kwa sababu simu huisikii tena, unajibu "ndiyo, ndiyo" hata kwa habari ya msiba.

Ile tisheti ya matanga ya Zagabe, mutoto wako niliyekulelea, yenye sura yake anacheka, naivaa kila Jumapili kwenda misa. Sasa imeshika jasho na naogopa kuifua. Wewe ulifundisha shule ya lycée, unajua mambo. Nifue namna gani sura isitoke?

Mudogo wako,
Olive

Muhumba, 16 Juni 2024

Mdogo wangu Olive,

Asante kwa kunijulia hali. Moyo unapiga unavyotaka wenyewe. Lipake goti mafuta ya moto.

Kuhusu tisheti: maji ya moto, sabuni nyingi. Ikikauka, chukua pasi ya makaa iliyowaka kabisa, uiweke juu ya sura yenyewe na ukandamize. Ndivyo rangi inavyoshika.

Yaya wako,
Agathe

Mudaka, 30 Juni 2024

Yaya,

Unisamehe kwa kukosa salamu. Nimeharibu. Nilifuata vile ulisema, lakini hakika niliacha pasi muda murefu, mimi mujinga wa shamba. Nilipoinua, sura ikafuata pasi. Mujukuu wangu Aimée akapiga kelele: "Koko, unachoma tonton Zagabe!" Kwenye tisheti kumebaki sikio moja. Kicheko chake kiko chini ya pasi, na sijakikwangua. Pasi hatuitumii tena, tunavaa nguo na mikunjo yake.

Ulizaa mutoto, na mimi nimekuchomea sura yake.

Mudogo wako,
Olive

Muhumba, 4 Agosti 2024

Olive, mdogo wangu,

Goti likoje? Nimechelewa kujibu. Barua yako imelala chini ya mto wangu, nami juu yake bila usingizi. Daktari haniandikii tena dawa mpya. Ananiambia nile ninachopenda. Unaelewa maana yake. Basi nisiondoke na hili.

Hukuharibu wewe. Kijana aliyechapa tisheti zile alinieleza mimi mwenyewe: igeuzwe ndani nje, maji baridi, ianikwe kivulini, pasi isiguse sura. Nikakuandikia kinyume chake, makusudi.

Nilikuonea wivu. Nilirudi kutoka masomoni Kinshasa na diplôme mkononi, mtoto akajificha nyuma ya kitenge chako. Siku ya mazishi watu walikwenda kwako kwanza: "Pole, Mama Zagabe." Mimi nilipewa kiti. Na picha ile! Ukoo mzima ulivaa kicheko alichokucheka wewe, uani kwako. Hata vidole vyako viko begani mwake, mchapaji alishindwa kuvikata. Mimi alinisalimia kwa adabu, kama mwanafunzi anayemwogopa mwalimu. Kila nilipokuwaza ukienda misa naye kifuani, chakula hakikupita.

Tisheti yangu sijaivaa hata mara moja, kwa ajili ya vidole hivyo. Nimempa Aimée, aliyekuja kunitazama, akuletee. Ivae.

Yaya wako, kama bado unakubali,
Agathe

Mudaka, 8 Agosti 2024

Yaya,

Sikuulizi afya, nakuja kuiona. Nimekasirika mpaka nimefokea mbuzi. Aimée anasema, "Koko, musamehe, ni mugonjwa." Nikamwambia: moyo ndio mugonjwa, mukono wa kuandika uongo ulikuwa muzima kabisa! Kwa hiyo sijakusamehe bado. Nataka kwanza nikukasirikie uso kwa uso.

Lakini na mimi niko na langu. Siku Zagabe alikufa, aliita "Maman". Nikakimbia, nikamushika. Akanitazama, akasema: "Hapana, mama mudogo. Maman." Wewe nilikuambia alikwenda bila kusema kitu. Lile neno lilikuwa lako, na nililila peke yangu.

Jumamosi tunapanda gari na Aimée. Naleta pasi, uone ulichofanya. Naleta na tisheti yako. Utaivaa wewe, na vidole vyangu juu yake.

Ikishika jasho, usimupe mutu. Nitaifua mimi: ndani nje, maji baridi, kivulini.

Mudogo wako,
Olive