Amri Niliyokupa Barazani

Baba,

Tangu tukuzike Gulu sijaweza kukaa kwenye baraza yetu ya Luzira. Mama huota jua pale kila asubuhi, mimi napitia mlango wa jikoni kama mwizi. Nina aibu, Baba. Naandika kwa Kiswahili chetu cha kambi ya askari, maana ndicho ulichotulea nacho, na ndicho nilichokuumiza nacho.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitupanga mstari kabla ya uji? Sajini wa gwaride na wanawe: kifua mbele, macho juu. Basi mgongo wako ulipoanza kupinda, ukawa unatembea ukitazama vidole vya miguu, niliona haya. Haya ya nini, hata sijui. Majirani bado walikuita Afande, nami sikutaka wakuone umejikunja. Nikakugeuzia somo lako mwenyewe. Kila ulipotoka nje napaza sauti: "Afande, mguu sawa!" Nawe, bila ubishi, unanyanyua kichwa, unavuta mabega nyuma. Wajukuu wanapiga makofi. Nilidhani nakutibu, kumbe!

Siku ile baraza ilikuwa imetoka kuoshwa. Ulikuwa umeinama, unapapasa ngazi kwa mguu. Nikatoa amri. Ukatii, Baba. Ukanyooka, ukayumba kinyumenyume, ukaangukia nyonga. Tukakukimbiza hospitali, hukurudi nyumbani tena.

Daktari wa mifupa alinieleza baadaye kwamba pingili za mgongo wako zilikuwa zimebonyea kwa uzee. Mzee aliyepinda hivyo huanguka upesi, na ukimnyoosha ghafla uzito wote unahamia visiginoni. Ulihitaji mkongojo, mazoezi mepesi na mtu wa kukushika mkono. Hukuwa mvivu hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuona mvivu.

Halafu pale msibani shangazi akasimama kunisifu. Eti binti huyu hakukubali baba yake apinde. Watu wakaitikia, na mimi nikaendelea kula. Hiyo inanichoma kuliko hata kuanguka kwako. Nilipewa sifa, nikaipokea!

Sasa Mama naye ameanza kuinama. Jumapili tulikuwa sote nyumbani, na kaka Okello akamtolea amri ileile, kwa utani tu, wote wakacheka. Mama akaanza kuinua kidevu. Nilipiga ukelele, Baba. Nikamshika kiunoni, kisha nikawaambia wote, shangazi akiwemo, ni nani aliyekuangusha. Okello alitoka nje. Shangazi hajanisemesha mpaka leo, na simlaumu. Mama yeye aliniomba tu nimsaidie kukaa.

Sikuombi unijibu, wala sijui kama nastahili msamaha wako. Pumzika, Baba yangu, gwaride lako limekwisha. Ahadi yangu ni hii moja: hakuna atakayemlazimisha Mama anyooke. Nikitaka anione usoni, nitapiga magoti mimi.

Binti yako,
Akello