Nimebandika Majina Nyumba Nzima

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo wewe, na wifi yangu, na binti yetu? Ule mgongo wako umetulia? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anatembea na kunigombeza kama kawaida.

Mdogo wangu, neno ulilosema kwenye simu halijanitoka. Ulisema likizo hii huenda msije, maana mtoto anajua Kiingereza tu, na anauliza akifika huku atazungumza na nani. Tukaagana. Nilirudi kwenye cherehani yangu nikashona mkono wa kushoto wa gauni la watu upande wa kulia.

Basi nimejiandikisha darasa la jioni la Kiingereza, kile chumba cha nyuma ya kanisa. Usicheke. Tumeanza na nomino, yaani majina ya watu na vitu. Kumbe zina aina zake. Kuna za kawaida, kama kiti na sufuria. Kuna zisizohesabika, na hapo muuza nyama ninayekaa naye dawati moja alimkatalia mwalimu. "Kwa Kiingereza nyama haihesabiki? Njoo kesho buchani uone wateja wanavyonihesabia vipande." Tulicheka hadi mwalimu mwenyewe akaketi.

Kuna na za pekee, zinazoanza kwa herufi kubwa. Mwalimu alitaka kila mmoja aandike moja ubaoni. Niliandika jina la binti yako. Akauliza huyo ni nani. Nikasema ni mtoto wa mdogo wangu, amekua mkubwa na sijawahi kumbeba.

Halafu kuna za dhahania, zile zisizoshikika kwa mkono, kama upendo, subira na hamu. Hizo sikuhitaji kufundishwa sana.

Nyumbani nimebandika karatasi kwenye kila kitu, jina lake kwa Kiingereza, ili nizoee. Mama akaniuliza, "Huo mlango umepotea lini hata uandikwe jina?" Lakini jana nimemkuta jikoni peke yake anarudiarudia "come", yaani njoo, neno alilolisikia kwangu. Nikamwambia, hilo si nomino, Mama, hatujafika huko. Akasema yeye hawezi kungoja darasa lifike.

Kiingereza nimekiandika sehemu ya chini ya kila karatasi. Juu nimeacha wazi, mtoto aje aandike Kiswahili mwenyewe, Mama akimtajia. Mwambie atazungumza na sisi. Tutakosea, naye atatusahihisha. Gundi yangu ni ya unga, haishiki sana, karatasi zinabanduka kila siku. Nami kila siku nabandika upya.

Mama mdogo na mumewe fundi saa wanawasalimu. Mkumbatie wifi yangu. Mungu awafunike kwa mkono wake, awafungulie na njia, maana safari yenu nimeshaanza kuiombea.

Wako akupendaye tangu ulipokimeza kile kifungo,
Dada yako