Paja la Nguruwe

Mdogo wangu Clive,

Huku Barnsley mvua haijakatika na goti langu limeanza tena. Paka wa jirani kazaa kwenye kapu langu la nguo. Wewe sikuulizi hali. Mla vya watu hakosi afya.

Unalikumbuka lile paja la nguruwe nililoshinda kwenye bahati nasibu ya klabu? Ulinijia na uso wa mchungaji: "Dada, wakijua umeshinda, posho yako ya ulemavu wanaikata, na kodi juu. Nipe nikutunzie." Ukalitunza moja kwa moja hadi kwenye gari lako.

Juzi nikapiga simu ofisi ya posho. Binti aliyepokea alicheka mpaka akakohoa. "Mama, nani kakudanganya? Nyama ya klabu haina kodi, wala haigusi posho. Wewe kula tu!"

Basi nikamuuliza na la pili. Siku tuliyomzika mama, uliivua pete yake kidoleni mwangu kwa maneno yaleyale. Binti hakucheka tena. Alisema pete ninayoivaa haiwahusu kabisa, kisha akanipa pole.

Sikuiti mwizi, Clive. Mwizi angalau hujisumbua kuvunja dirisha. Wewe nilikufungulia mlango, nikakuwekea na chai.

Jumapili njoo, na usitegemee chakula. Nyama najua ulishaila. Pete hailiki.

Dada yako, ambaye posho yake ni nzima,
Beryl