Mama kapika utafiti wangu

Mwenzangu, nimekwisha. Mama kapika utafiti wangu.

KAPIKA! Yale maharage ya shahada ya pili, niliyoyafungia kwenye ndoo chini ya kitanda mwaka mzima, ili leo niyachemshe na kupima kama bado yanaiva haraka. Naingia ndani, nakuta ndoo tupu na wageni wanajilamba vidole.

Nikamwambia, "Mama, yale ni sampuli!"
Akanijibu, "Mimi sijui sampuli. Nimeona maharage."

Nimeona maharage! Mwaka mzima, mwenzangu!

Baba mdogo naye kaongeza sahani ya pili, eti sasa ndiyo ameona faida ya kunisomesha. Hapo mtu acheke au alie?

Msimamizi anasubiri matokeo kesho. Nimwambie yameliwa? Mengine ya kuanza nayo sina, na mwaka mwingine sipewi.

Na unajua kinachoniua? Mama kanifuata chumbani kunibembeleza. "Nyamaza, mwanangu. Yameiva upesi ajabu, hata maji sikuongeza."

Yameiva upesi. Ndicho nilichotaka kuthibitisha, mwenzangu, na hakuna aliyetazama saa.