Niliunga Suruali Mimi, Akafukuzwa Fundi

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie mwenzio, maana jambo hili nimelificha kifuani mpaka sasa linanikaba, na hapa nyumbani hakuna wa kumwambia kwa sababu wote wananiona mtu mzima mwenye akili zake.

Nina watoto watatu lakini nakuandikia habari za huyu wa kwanza, binti yangu, na nasema wazi kwamba katika mji huu hana wa kulingana naye, wala si kwa kuwa nimemzaa, hata wasiomzaa wanakiri. Alianza kazi kwenye banda la farasi, kuzoa mavi na kuwapiga brashi, majirani wakacheka wakasema msichana mzima ananuka farasi, mimi nikawaambia ngojeni. Huko huko akaona wapandaji wanavaa suruali za kutoka ng'ambo za bei ya kukata maini, akaja akaniambia, "Mama, hizi si tunaweza kushona?" Nikamwambia, "Wewe chora, mimi nakata," maana shule niliiacha mapema lakini sare za nusu ya watoto wa mji huu zimepita kwenye mkasi wangu. Leo ana chumba cha kazi kilichojaa cherehani, wenye farasi wanatuma madereva wao waje kuchukua mizigo, na kila ikiuzwa suruali, nyingine inashonwa bure kwa watoto wa kituo kimoja, watoto wenye miguu dhaifu ambao hupandishwa farasi ili mwili upate nguvu. Wazo hilo ni lake mwenyewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kulitangaza, saluni, hospitali, hata kwenye foleni ya maji, mpaka wakanibatiza Mama Bosi, na mshauri nisikufiche, jina lilinikaa vizuri.

Sasa sikia nilichofanya. Suruali ya kupandia farasi haina mshono ndani ya mguu, pale paja linapobana tandiko, upande huo huwa kitambaa kimoja kizima na mshono unapelekwa nje, na kukata hivyo kunakula kitambaa vibaya sana. Mimi mtu wa sare, roho inaniuma kuona vipande vinatupwa. Binti yangu alipokuwa safarini nikachukua masalio, nikayaunga hapo hapo ndani ya paja kwa mshono mnene, ule ambao mtoto hata aparamie ukuta hauachii, nikazitia suruali kwenye furushi la zawadi nikijisemea mwanangu akiona nilivyookoa kitambaa atanikumbatia. Na ukweli niumalize, niliwaza pia kwamba vya bure nani atavikagua.

Pale kituoni kuna mtoto ambaye miguu yake haisikii maumivu. Wenzake walilalamika wakavuliwa, yeye akaendelea kupanda huku anacheka, mpaka mama yake alipokuwa akimwogesha akakuta paja limechunika, nyama nyekundu. Kidonda kinapona, namshukuru Mungu, lakini kituo kimezuia watoto wote kupanda farasi mpaka waelezwe kilichotokea, na haki wanayo.

Binti yangu alirudi na ile suruali, akaitandaza juu ya meza ya kukatia, akauliza, "Nani ameunga hapa?"

Mafundi wakasimamisha cherehani. Akamtazama fundi tunayemwita Mama Pacha, kwa kuwa zawadi huwa mikononi mwake. Mama Pacha akanitazama mimi, maana aliniona nikiunga, tena aliniambia siku ile, "Mama, hapo si patamkwaruza mtoto?" nami nikamjibu, "Ulikuwa hujazaliwa mimi nashona." Hapo ndipo ningesema. Badala yake, mshauri, mdomo huu ukafunguka wenyewe, nikasema, "Mafundi wa siku hizi wanapenda njia ya mkato."

Basi binti yangu akamwambia aende na asirudi. Mama Pacha hakubishana, alivua aproni, akaikunja, akailaza juu ya cherehani yake, akatoka. Mwanangu akanishika mkono akasema, "Afadhali wewe upo, mama," na neno hilo linanichoma kuliko tusi.

Juzi nimekutana na Mama Pacha njiani amebeba furushi la nguo za watu anazofua siku hizi, akaniamkia kwa heshima kama mama yake mzazi, mimi nikainamia mkoba wangu kana kwamba natafuta ufunguo. Chakula hakipiti, mwanangu anadhani ni presha. Nikisema, atajua mama anayemtegemea ni mtu wa namna gani, na majirani watapata la kusema. Je, siwezi kumtafutia Mama Pacha kazi kwingine kimyakimya, mambo yakapoa? Nishauri, ila usinichape sana.

Mama Bosi


MSHAURI ANAJIBU

Mama, nimekusoma mara mbili, na mara zote mbili nimetafuta kitu kimoja sikukiona. Hizo suruali nyingine ulizounga ziko wapi? Farasi wamezuiwa, lakini mtoto asiyesikia maumivu anaweza kuchunwa hata akiwa amekaa tu kwenye kiti. Weka gazeti chini, hakikisha zimekusanywa zote leo, kisha urudi tuendelee.

Umerudi? Haya. Kuunga masalio ni kosa la fundi aliyezoea sare na asiyependa kutupa. Hilo lingesameheka kabla chai haijapoa. Lakini kusema vya bure nani atavikagua, hapo umemkosea mwanao kuliko ulivyokosea kitambaa, kwa sababu yeye aliwashonea wale watoto sawasawa na anavyowashonea matajiri, na wewe ukawapangia daraja lao. Na usiniambie mdomo ulifunguka wenyewe. Midomo haina tabia hiyo, mama. Uliufungua.

Kumtafutia mwenzio kazi kwingine, hapana. Utakuwa umempa riziki na kumwachia doa. Yeye hakukosa la kusema siku ile. Alikuona mama wa mwenye kazi, akakuachia wewe useme, na mpaka leo anakuachia. Sijui wangapi kati yetu tungekuwa na subira hiyo. Mimi nisingekuwa nayo.

Ninajua unavyompenda mwanao, barua nzima imejaa hilo. Basi mpende kwa hili: anatengeneza maelezo ya kupeleka kituoni, na atapeleka uongo akidhani ni ukweli. Siku uongo huo ukijulikana, si wewe utakayefungiwa mlango, ni yeye.

Mwite leo, mkiwa wawili. Anza na "ni mimi," usianze na taabu ulizopata kumlea akiwa mdogo. Wala usilie kwanza. Machozi yakitangulia ataacha kukusikiliza aanze kukubembeleza, na utakuwa umeponyoka tena. Mwambie pia kwamba ulionywa na ukajibu kwa kiburi. Asubuhi yake rudia maneno hayo mbele ya mafundi, katika chumba kile kile ulimomsingizia mwenzio. Akikuondoa kwenye mkasi akakupa kazi ya kushona vifungo, shona vifungo. Majirani watacheka, watachoka, watapata wa kumcheka mwingine.

Kisha nendeni wote wawili nyumbani kwa Mama Pacha, kwani mwanao naye alimfukuza kabla hajamuuliza. Msimwite aje, nendeni. Mkifika atakuletea kiti, kwa jinsi ulivyomweleza ana adabu huyo. Usikikalie mpaka umemaliza kusema.